Bima ya mali katika stoo ya kukodi

Bima ya mali katika stoo ya kukodi ni bima inayolipa fidia pale vitu vilivyowekwa katika chumba cha kuhifadhia mizigo kilichokodiwa vinapoungua, vinapoibwa au vinapoharibika kwa ajali. Anayekata bima hiyo ni mpangaji, yaani mwenye vitu, na si kampuni inayomiliki jengo. Wateja wengi hudhani kinyume chake. Kodi ya mwezi hulipia nafasi, mlango, na mara nyingi kamera na geti lenye namba ya siri. Kilichomo ndani ya chumba hakimo katika malipo hayo.

Makala hii inaeleza hasa hali ya Marekani na Uingereza, ambako biashara ya stoo za kukodi ni kubwa na ambako Waswahili wengi wa ughaibuni hukutana nayo: mwanafunzi anayefunga chumba cha chuo wakati wa likizo ndefu, familia iliyouza nyumba moja kabla ya kupata nyingine, au mtu anayekusanya vitu kidogo kidogo mpaka vitoshe kujaza kontena la kwenda Mombasa au Dar es Salaam.

Asili ya biashara hii

Stoo za kukodi za namna ya leo, ambapo mpangaji hutia kufuli lake mwenyewe na kuingia anapotaka, zilianza kuenea Texas nchini Marekani katika miaka ya 1960. Kampuni ya Public Storage ilianzishwa California mwaka 1972, na chama cha wafanyabiashara wa sekta hii cha Marekani kiliundwa mwaka 1975. Uingereza ilifuata baadaye, na kampuni kubwa za huko zilikua hasa kuanzia miaka ya 1990.

Tofauti ya kupangisha na kupokea amana

Msingi wa suala lote ni swali moja la kisheria: mali iko mikononi mwa nani?

Mkulima wa korosho wa Mtwara anayepeleka mazao katika ghala chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani hukabidhi mali yake. Mazao hupimwa uzito na ubora, naye hupewa stakabadhi. Kuanzia hapo mwendesha ghala ndiye mwenye dhamana. Magunia yakipungua, yeye ndiye wa kuulizwa. Tanzania ina sheria maalumu ya stakabadhi za ghala ya mwaka 2005, na Kenya ilitunga yake mwaka 2019. Huo ndio uhusiano wa amana.

Katika stoo ya kukodi hakuna anayepokea kitu. Hakuna mizani, hakuna orodha, na kwa kawaida kampuni haijui chumba kina nini. Mpangaji huingiza vitu mwenyewe, hufunga kwa kufuli lake na kuondoka na ufunguo. Kisheria amepanga nafasi, kama anavyopanga fremu ya duka. Mkataba huandikwa makusudi kusisitiza jambo hilo: kwamba kampuni si mtunza amana, kwamba vitu vinawekwa kwa hatari ya mwenyewe, na kwamba mpangaji anatakiwa kuwa na bima. Mikataba mingi ya Marekani huongeza kuwa mpangaji haruhusiwi kuweka vitu vinavyozidi thamani fulani, mara nyingi dola 5,000, bila kibali cha maandishi. Kifungu hicho huonekana kidogo siku ya kusaini, lakini mbele ya hakimu huweza kuwa dari ya madai yote.

Kampuni yenyewe huwa na bima, ila ni ya jengo lake na ya kudaiwa na watu wengine. Mpangaji anaweza kuishtaki iwapo ilizembea, kwa mfano ilijua paa linavuja na haikulitengeneza. Nchini Uingereza sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 husema kifungu kisicho cha haki katika mkataba hakimfungi mlaji. Hata hivyo mzigo wa kuthibitisha uzembe huwa wa mpangaji, na kesi huchukua muda. Bima ya mali hulipa bila kuuliza ni nani mwenye kosa, ilimradi chanzo cha hasara kimo katika hati, na hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Bima ya nyumba inapofika stoo

Kabla ya kununua bima mpya, inafaa kusoma iliyopo. Bima ya nyumba au ya mpangaji wa nyumba mara nyingi hufuata vitu vya mwenye bima hata nje ya nyumba, lakini kwa kiasi kidogo.

Nchini Marekani kampuni nyingi hutumia hati za mfano zilizoandaliwa na taasisi ya ISO, au hati zinazofanana nazo. Katika toleo la mwaka 2011 kiliongezwa kikomo mahsusi kwa vitu vilivyo katika stoo za kukodi: asilimia 10 ya kiasi cha bima ya vyombo vya ndani, au dola 1,000, chochote kilicho kikubwa. Mtu mwenye bima ya vyombo ya dola 50,000 basi ana dola 5,000 tu kwa stoo yake. Mpangaji wa chumba kimoja mwenye bima ya dola 8,000 angepata 800 kwa hesabu ya asilimia, kwa hiyo hutumika ile dola 1,000. Kikomo hicho hakitumiki ikiwa vitu vimehamishwa kwa sababu nyumba inakarabatiwa na haifai kuishi wala kuweka vitu ndani yake.

Ndani ya kikomo hicho mna vikomo vingine vidogo. Katika hati hiyohiyo fedha taslimu hulipwa hadi dola 200 na vito vilivyoibwa hadi dola 1,500, hata kama vilikuwa na thamani ya mara kumi. Tena kuna sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hujibebea mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa, ambayo watu wa bima Afrika Mashariki huiita eksesi. Hasara ya dola 900 yenye eksesi ya dola 500 hurudisha dola 400, na huenda ikapandisha ada ya mwaka unaofuata. Kwa vitu vya thamani ndogo wengine huona si haja kudai.

Uingereza hakuna hati moja ya mfano inayotawala soko namna hiyo. Baadhi ya bima za vyombo vya nyumbani hugusa stoo, nyingine huitenga kabisa, na nyingine hukubali ikiwa kampuni imearifiwa kabla na ada ya ziada kulipwa. Jibu la simu halitoshi. Linalohesabika ni maandishi.

Bima inayouzwa kaunta

Siku ya kukodi, karani huuliza: una bima yako, au utachukua yetu? Kampuni nyingi hudai uthibitisho wa bima kabla ya kutoa namba ya geti, na anayekosa hati huandikiwa ya kwao papo hapo. Ada hulipwa pamoja na kodi, na hupangwa kwa ngazi kulingana na thamani iliyotajwa. Ni njia rahisi, imetengenezwa kwa ajili ya stoo, na madai yake hayagusi bima ya nyumba. Ubaya wake ni bei, kwa kuwa sehemu ya ada hubaki kwa kampuni ya stoo kama kamisheni. Kampuni huru za bima huuza bima ya namna hiyohiyo, na kulinganisha bei mbili tatu huchukua muda mfupi tu.

Anayelinganisha bei Uingereza azingatie kodi za serikali. Kodi ya stoo hutozwa VAT ya asilimia 20 tangu tarehe 1 Oktoba 2012, na ada ya bima hutozwa kodi yake ya asilimia 12 tangu Juni 2017. Bei ya tangazo na bei ya risiti zinaweza kutofautiana.

Kuna bidhaa nyingine inayofanana sana na bima lakini si bima: mpango wa ulinzi. Hapa kampuni ya stoo, kwa malipo ya kila mwezi, hukubali kubeba sehemu ya wajibu ambao mkataba ulikuwa umeukana, hadi kiasi fulani. Kwa mteja matokeo yanaweza kuwa yaleyale: moto ukitokea, analipwa. Lakini ahadi ni ya mwenye jengo, si ya kampuni ya bima, na mara nyingi haiko chini ya msimamizi wa bima wa serikali. Mgogoro ukitokea, mteja hawezi kupeleka malalamiko kule ambako malalamiko ya bima hupelekwa. Mpango wenyewe si ulaghai. Ubaya huanza pale karani anapouita bima, na mteja akaondoka akiamini amekata bima.

Yanayolipwa na yasiyolipwa

Hati nyingi za stoo hutaja majanga yanayolipwa moja moja: moto, radi, mlipuko, dhoruba, moshi, bomba lililopasuka, uharibifu wa makusudi na wizi. Lisilotajwa halilipwi.

Wizi ndio huleta ubishi zaidi. Hati nyingi hutaka ziwepo dalili za kuvunja: kufuli lililokatwa, bawaba iliyopindwa, ukuta wa bati uliotobolewa. Mpangaji akikuta chumba kitupu na kufuli lake zima, kampuni huweza kusema kwamba mlango haukufungwa, au kwamba mwenye ufunguo wa pili ndiye aliyeingia. Wezi wazoefu hukata kufuli na kuweka jingine linalofanana nalo, ili wizi usigundulike kwa miezi. Ndiyo maana kufuli lililokatwa lisitupwe, na lile geni lililokutwa mlangoni lihifadhiwe kama ushahidi. Baadhi ya hati hutaja hata aina ya kufuli, mara nyingi la mviringo lenye chuma kilichofichwa, ambalo ni gumu kukata kwa mkasi.

Maji yana sura mbili. Bomba la jirani likipasuka juu ya dari, hasara kwa kawaida hulipwa. Mto ukifurika na kuingia kwa mlango, katika hati nyingi za Marekani hailipwi. Mafuriko huko yana mpango wake wa taifa ulioanzishwa mwaka 1968. Vivyo hivyo tetemeko la ardhi. Chumba cha ghorofa ya chini karibu na mto ni rahisi kufikia kwa gari, lakini huenda ndicho kisicho na bima yoyote dhidi ya hatari iliyo kubwa kuliko zote mahali hapo.

Ukungu, unyevu wa polepole, nondo, panya na uchakavu wa kawaida hutengwa karibu kila mahali, kwa hoja kwamba ni mambo ya utunzaji. Kitanda kilichowekwa kikiwa na unyevu na kukutwa kimeota ukungu baada ya miezi minane ni hasara ya mwenyewe. Kwa hatari hizi kinga ni vitendo: kukausha friji na kuacha mlango wake wazi, kuinua masanduku juu ya mbao, kutoweka nafaka wala unga.

Fedha, vito, hati za kusafiria, vyeti na picha za familia ama hutengwa ama hulipwa kwa thamani ya karatasi tu. Bima inaweza kununua televisheni nyingine, lakini albamu ya harusi ya wazazi haina bei dukani. Vitu hivyo visiwekwe stoo kamwe. Gari au pikipiki huhitaji bima yake ya chombo, na bidhaa za biashara huhitaji bima ya biashara. Bima ya nyumba huzihesabu kwa kiasi kidogo sana au huzikataa. Petroli, mitungi ya gesi na fataki hukatazwa na mkataba wa stoo, na zikikutwa katika chumba ambako moto ulianzia, mpangaji anaweza kukosa fidia na pia kudaiwa na majirani zake.

Thamani iliyotajwa

Kosa la gharama kubwa kuliko yote hufanyika kwa kalamu, pale mpangaji anapojaza thamani ndogo ili ada ishuke.

Hati nyingi za Uingereza zina kanuni ya uwiano. Chukua mtu mwenye vitu vya pauni 10,000 aliyeandika pauni 4,000. Moto unaunguza nusu ya vitu, hasara ya pauni 5,000. Yeye hutarajia 4,000, kwani ndicho kikomo alichonunua. Kampuni hupiga hesabu nyingine: amelipia asilimia 40 tu ya mali yake, basi atalipwa asilimia 40 ya hasara, yaani pauni 2,000, kabla ya kutoa eksesi. Hata hasara ndogo hupunguzwa hivyo. Ya pauni 1,000 hurudisha 400. Aliyeokoa pauni chache kwa mwezi amepoteza maelfu.

Thamani hiyo huhesabiwaje? Kuna njia mbili, na hati husema ipi. Ya kwanza ni gharama ya kununua kipya: kochi la miaka minane hulipwa kwa bei ya kochi jipya la aina ileile. Ya pili hutoa uchakavu kwanza. Kochi lililonunuliwa pauni 900 na kutumika miaka minane huenda likahesabiwa pauni 200 au pungufu. Mpangaji anayejaza fomu ya njia ya kwanza kwa bei za mitumba hujitumbukiza moja kwa moja katika kanuni ya uwiano.

Watu hukosea kwa sababu hukumbuka vitu vikubwa tu. Kitanda, kabati na televisheni huandikwa. Mapazia, sufuria, viatu, vitabu, nguo za baridi na zana husahaulika, na vyote pamoja mara nyingi huzidi bei ya kabati. Njia iliyo salama ni kupita sanduku kwa sanduku siku ya kufungasha, kuandika namba na kilichomo, na kupiga picha kabla ya kufunga kwa gundi. Orodha ihifadhiwe mahali pengine, kwa mfano katika barua pepe. Orodha iliyobandikwa nyuma ya mlango wa stoo huungua pamoja na stoo.

Moto wa Croydon

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2018 moto uliteketeza jengo la stoo la kampuni ya Shurgard huko Croydon, kusini mwa London. Zima moto walituma magari 20 na watu zaidi ya 100, lakini jengo lenye vyumba zaidi ya elfu moja lilibaki majivu. Katika mkasa wa namna hii hakuna kitu kilichoungua cha kumwonyesha mkadiria hasara. Ushahidi wote ni ule uliokuwa nje ya jengo: risiti, taarifa za benki, picha za sebuleni, ujumbe wa simu uliotumwa siku ya kununua.

Kudai fidia

Hati hutaka taarifa itolewe mapema, na wizi uripotiwe polisi ili namba ya taarifa ipatikane. Vitu vilivyoharibika visitupwe kabla ya kukaguliwa, isipokuwa kampuni imekubali kwa maandishi. Mwenye bima anatakiwa kujibu maswali kwa ukweli; anayeongeza televisheni isiyokuwapo huweza kupoteza dai lote, pamoja na sehemu iliyokuwa ya kweli.

Hasara moja hailipwi na bima yoyote: mnada. Mpangaji asipolipa kodi, sheria za majimbo ya Marekani humpa mwenye stoo haki ya kuzuia mali na hatimaye kuiuza baada ya taarifa. California mchakato huo unaweza kuanza kodi ikichelewa siku 14. Anayesafiri kwenda nyumbani kwa miezi mingi huhatarisha vitu vyake zaidi kwa kadi ya benki iliyokwisha muda au anwani ya zamani kuliko kwa moto.

Kutoka stoo hadi bandarini

Wanaotuma vitu Afrika Mashariki hudhani bima ya safari ya bahari huanza siku sanduku la kwanza linapoingia stoo. Sivyo. Kwa masharti ya kimataifa ya bima ya shehena ya mwaka 2009, yanayotumiwa sana, bima huanza kitu kinaposogezwa kwa mara ya kwanza ghalani kwa lengo la kupakiwa mara moja katika chombo cha kusafirishia. Miezi sita ya kukusanya mizigo kabla ya hapo inahitaji bima ya stoo.

Upande wa pili nao una mwisho wake. Kinga hukoma mzigo ukishushwa katika ghala la mwisho, au siku 60 baada ya kushushwa melini katika bandari ya mwisho, chochote kitakachotangulia. Kontena likikwama Mombasa kwa sababu ya nyaraka, siku hizo zinaendelea kuhesabiwa. Pia vitu vilivyofungashwa na mwenyewe, si na mtaalamu, mara nyingi havilipwi vikikutwa vimevunjika.

Kenya na Tanzania

Stoo za kukodi za mtindo wa Marekani zipo Nairobi na Dar es Salaam, lakini wengi bado huweka vitu katika godauni la mtu, chumba cha nyuma cha dukani au kwa jamaa. Bima ya vyombo vya nyumbani kwa kawaida hutaja jengo, na vitu vikihamishiwa jengo jingine bila kampuni kuarifiwa huweza kuwa nje ya hati. Kinachohitajika ni nyongeza ya maandishi yenye anwani mpya, au bima tofauti za moto na za wizi wa kuvunja kwa godauni hilo. Sekta ya bima husimamiwa na TIRA nchini Tanzania na IRA nchini Kenya, na orodha ya kampuni zenye leseni hupatikana kwao. Katika nchi zote mbili bima huanza pale ada inapolipwa. Ahadi kwa wakala kwamba pesa zitatumwa mwisho wa mwezi haianzishi chochote.